Wanga, sukari, protini, mafuta na DNA: mwongozo kamili wa kuzipima mwenyewe, na kwa nini rangi inabadilika

Ukiuliza mwanafunzi wa fom foo hapa Nairobi protini inapimwa aje atakujibu bila kufikiria, zambarau. Muulize kwa nini zambarau, kimya. Hiyo ndio shida ya hii topiki ya kemia ya viumbe hai, watu wanakariri rangi nne usiku wa kuamkia mtihani, alafu chakula kikibadilishwa kidogo wanapotea kabisa. Na enyewe si ngumu hivyo. Kila dawa ya kupimia inashika sehemu moja tu ya molekuli, na ukishajua ni sehemu gani, rangi inajieleza yenyewe, na hata siku jaribio likikataa unajua pa kuangalia. Kwa hivyo tutafanya majaribio yenyewe na vitu vya mama mboga na vya kemisti, na tukifika kwa kila moja naeleza hiyo molekuli imejengwa vipi.

Hii itamfaa mtu anayejiandaa na karatasi ya tatu ya Biolojia ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya (ile ya praktiko, alama 40, saa moja na dakika 45), mzazi anayesomesha mtoto nyumbani, ama mtu tu anayetaka kujua kwa sahani yake kuna nini.

Tafuta vitu kwanza

Kwa mama mboga na dukani: ndizi tatu (moja mbichi kabisa, moja ya manjano, moja imeanza madoadoa meusi), waru moja, limau, ovakado, njugu karanga, unga wa ugali, sukari, yai, maziwa ya pakiti. Kipande kidogo cha maini mabichi kutoka kwa bucha, cha shilingi hamsini hivi kama atakubali kukukatia. Chumvi na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hukosi.

Kemisti: iodini ya kahawia ya kupaka vidonda, spiriti, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, glukosi ya unga, pamba, na sirinji za plastiki za mililita 5 bila sindano.

Zinabaki tatu ambazo kemisti ya mtaani kwa kawaida haina: dawa ya Benedict, kopa salfeti ya asilimia 1 na sodiamu haidroksaidi ya asilimia 10. Hizi ni za duka la vifaa vya maabara mjini ama maabara ya shule. Na hapa nasema bila utani, sodiamu haidroksaidi ndio hiyo kostiki soda, ikiingia kwa jicho inachoma vibaya sana, kwa hivyo kama hauna miwani ya kujikinga na mtu mzima anayejua kuishika, hilo jaribio moja la protini fanyia shuleni. Mengine yote ya jikoni yako sawa.

Tumia glasi na vijiko ambavyo havitarudi kwa chakula, na sahani moja nyeupe ndio rangi zionekane vizuri. Spiriti ikae mbali na jiko ya gesi, inashika moto hata bila kuguswa na mwali, mvuke wake peke yake unatosha.

Kitu kingine kabla hujaanza: kila unapopima chakula, pima na maji matupu pembeni kwa kipimo hicho hicho. Watu wanaona huu ni usumbufu wa bure. Subiri tufike kwa mafuta utaona kwa nini nasisitiza.

Matofali ya kila kitu

Mwili wako, mahindi shambani, bakteria kwa maziwa lala, vyote vimejengwa na elementi chache. Kaboni, haidrojeni, oksijeni na nitrojeni peke yake ni karibu asilimia 96 ya uzito wa mwili wa binadamu. Ukiongeza fosforasi na salfa kidogo, umeshapata za kutengeneza molekuli zote tutakazopima leo. Mwenye nyumba ni kaboni, kwa sababu inaweza kushikana na atomi zingine nne kwa wakati mmoja, ikiwemo kaboni zenzake, ndio unapata minyororo mirefu, matawi na pete.

Wanga, protini na DNA zote zinajengwa kwa mtindo wa shanga kwa uzi: kipande kidogo kinaunganishwa na kingine, kingine, kingine. Mafuta hayafuati huu mtindo, tutayafikia. Kila vipande viwili vikiungana, molekuli moja ya maji inatoka. Na ukitaka kuvunja muungano unarudisha maji. Hii shika vizuri ju inarudi kila mahali. Angalia hesabu yake kwa sukari ya dukani: glukosi ina uzito wa 180, fruktosi pia 180, jumla 360, lakini sukrosi iliyotokana nazo ina 342. Hizo 18 zilizopotea ni molekuli moja ya maji.

Wanga na iodini

Chukua iodini ya kemisti, tone kadhaa kwa kijiko kikubwa cha maji, mpaka ibaki na rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Ikiwa nzito sana kila kitu kitaonekana cheusi na hutajua umeona nini.

Kata ndizi zako tatu, kipande cha kila moja kwa sahani nyeupe, alafu tone mbili za iodini juu ya kila kipande. Ngoja dakika moja. Ile mbichi itageuka bluu iliyoiva hadi nyeusi karibu uso wote. Ile ya manjano itakuwa na weusi sehemu sehemu. Ile ya madoadoa itabaki kahawia karibu yote, labda kivuli kidogo tu. Ni tunda lile lile, limekaa siku chache tu kwa meza, na wanga wake umekatwakatwa kuwa sukari ndio maana unaisikia tamu. Ndizi zako usitupe, tutazihitaji kwa Benedict na kwa DNA.

Sasa kwa nini bluu-nyeusi? Wanga ni glukosi nyingi zilizoshikana, na sehemu yake moja inayoitwa amilosi imejisokota kama springi, karibu glukosi sita kila mzunguko. Iodini inaingia katikati ya hiyo springi na kujipanga mstari, na ikishapangwa hivyo inameza mwanga tofauti, ndio unaona bluu-nyeusi. Kwa hivyo unachopima ni springi. Kama glukosi zimetengana moja moja, springi hakuna, iodini inabaki na rangi yake. Weka iodini kwa glukosi ya unga uone, hakuna kitu.

Unaweza kuhakikisha hii maneno ya springi kwa njia rahisi. Tengeneza uji mwepesi wa unga wa mahindi, wacha upoe, tia iodini, utageuka bluu. Upashe moto tena, bluu inafifia ama inapotea kabisa. Uache upoe, bluu inarudi. Joto linalegeza springi na iodini inatoka, baridi inaikaza tena. Kwa hivyo usipime chakula kikiwa moto, utaandika hakuna wanga na upo umejaa.

Kuna mtego mwingine, vitamini C. Tia iodini kwa glasi ya maji, kamulia limau, rangi inapotea mbele ya macho yako. Vitamini C inaipa iodini elektroni na kuigeuza kuwa iodaidi ambayo haina rangi. Kwa hivyo ukipima wanga kwa chungwa, pera ama limau, tone la kwanza likipotea usikimbilie kuandika, ongeza tone mpaka rangi ya kahawia ibaki, ndio sasa uangalie.

Na wale wanaouliza kama chumvi ya dukani yenye iodini inaweza kutumika badala ya hii ya kemisti, hapana. Iodini ya chumvi iko katika umbo la iodeti, haigeuzi wanga rangi hivyo ilivyo.

Kabla uondoke hapa, tia tone kwa pamba safi ya kemisti. Inabaki kahawia. Pamba ni selulosi, nayo imejengwa na glukosi ile ile ya ugali, lakini kila glukosi imegeuzwa kinyume na jirani yake, kwa hivyo mnyororo unanyooka badala ya kujisokota, na minyororo inalaliana na kukazana. Hatuna enzaimu (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) ya kuivunja. Ng'ombe naye pia hana yake, anakodisha vijidudu vilivyo tumboni mwake vimfanyie. (Usijaribu na karatasi ya daftari badala ya pamba, karatasi nyingi zimepakwa wanga kiwandani na zitageuka bluu.)

Mate na uji

Hili ndio jaribio ninalolipenda kuliko yote na halihitaji kemikali ya kutoka mjini. Pika uji wa mahindi mzito kiasi, upoe mpaka uwe vuguvugu, karibu na joto la mwili. Gawanya kwa vikombe viwili vidogo, vijiko vitatu vitatu. Suuza mdomo na maji, kusanya mate kijiko kimoja, tia kwa kikombe cha kwanza. Kwa cha pili tia kijiko cha maji. Weka vikombe vyote ndani ya beseni la maji vuguvugu.

Panga matone ya iodini kwa sahani nyeupe mstari mbili. Kila dakika chukua tone la uji kutoka kila kikombe ulidondoshe kwa iodini yake, kijiko tofauti kwa kila kikombe tafadhali. Cha maji kitaendelea kutoa bluu-nyeusi ile ile. Cha mate kitaanza bluu, kiende zambarau, kiende kahawia nyekundu, mwisho iodini ibaki vile ilivyo. Na hata bila iodini utaona kwa macho, uji wa mate unakuwa maji maji.

Mate yana enzaimu, amilesi, inayorudisha maji kwa miungano ya wanga na kuukata vipande vifupi mpaka springi inakosa urefu wa kushika iodini. Chemsha mate kwanza kisha rudia, hakuna kitakachotokea, kwa sababu enzaimu ni protini na joto la kuchemka limeharibu umbo lake. Tumia uji uliopikwa, si unga mbichi, punje mbichi za wanga zimekazana na amilesi inachukua muda mrefu kupenya.

Sukari na Benedict

Stanley Benedict alikuwa mkemia Mmarekani, na dawa yake ya mwanzo wa miaka ya 1900 bado ndio inatumika. Ni kopa salfeti, sodiamu kaboneti na sodiamu sitreti, rangi yake bluu.

Ponda ile ndizi ya madoadoa na maji, chuja. Mililita 2 za majimaji yake, mililita 2 za Benedict, koroga, simamisha glasi ndogo ama testi tyubu ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, dakika tatu hadi tano. Usiweke testi tyubu moja kwa moja kwa moto, itakurukia usoni. Rangi inaenda kijani, manjano, chungwa, hadi nyekundu ya tofali, na kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo inavyofika mbali. Fanya na ile ndizi mbichi pembeni, utaona itaishia mapema. Zile ndizi mbili ukiziangalia pamoja, iodini upande mmoja na Benedict upande mwingine, utaona wanga unapungua pale pale sukari inapoongezeka.

Hapa kinachoshikwa ni ncha ya sukari. Glukosi ina ncha inayoweza kufunguka na kutoa elektroni, kopa ya bluu inazipokea na kugeuka kopa oksaidi nyekundu isiyoyeyuka. Ndio sukari hizi zinaitwa sukari punguzi: glukosi, fruktosi, maltosi, na laktosi ya maziwa.

Sasa pima sukari ya dukani, ile ya miwa. Inabaki bluu! Watu wanashangaa, kitu kitamu hivyo. Ni kwa sababu sukrosi imeunganisha glukosi na fruktosi kwa zile ncha zao zenyewe, hakuna ncha iliyobaki wazi. Ukitaka kuiona lazima uvunje kwanza: chukua sampuli mpya, mililita 2, tia mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, chemsha dakika mbili hivi, poza, alafu tia unga wa sodiamu bikaboneti (baking soda) kidogo kidogo mpaka mapovu yaishe. Hii ya bikaboneti ndio wengi wanaruka na jaribio linakufa, Benedict haifanyi kazi kwa asidi. Baada ya hapo tia Benedict na uchemshe kama kawaida. Nyumbani unaweza kutumia maji ya limau badala ya hiyo asidi, ila uchemshe zaidi.

Najua swali linalokuja, je, naweza kupima asali feki? Nusu nusu. Asali ya kweli imejaa glukosi na fruktosi, nyuki wana enzaimu inayovunja sukrosi ya maua, kwa hivyo Benedict inaenda nyekundu mara moja. Sukari iliyoyeyushwa kwa maji tu ikauzwa kama asali itabaki bluu ama ibadilike kidogo sana. Lakini muuzaji aliyechemsha sukari yake na limau ameshavunja sukrosi, na aliyetumia sharubati ya glukosi pia atakupita. Ikibaki bluu, si asali. Ikienda nyekundu, bado hujui.

Protini

Tenga ute wa yai, changanya na nusu kikombe cha maji, koroga polepole usitoe povu, chuja. Mililita 2 za hiyo, mililita 2 za sodiamu haidroksaidi, tikisa taratibu, alafu kopa salfeti tone moja moja, mbili au tatu zinatosha, ukitikisa kila mara. Hakuna kupasha moto. Zambarau inatokea ndani ya muda mfupi.

Kosa la kawaida ni kumwaga kopa nyingi. Kopa iliyozidi inaungana na haidroksaidi na kutoa mashapo ya bluu yanayofunika zambarau yote, na mtu anaandika hakuna protini wakati ametia yai zima. Wengine wanajaribu kutumia magadi badala ya haidroksaidi ju iko kwa nyumba ya kupikia githeri. Haiendi, magadi ni kaboneti na itatoa mashapo yake ya kijani-bluu.

Protini zinajengwa na asidi amino, aina 20, zinazoshikana kwa muungano wa peptaidi, nitrojeni ya moja kwa kaboni ya nyingine. Kopa ikiwa kwa mazingira ya kostiki inakumbatiwa na nitrojeni kadhaa za hiyo miungano, na hapo ndio zambarau inatoka. Kwa hivyo unachopima ni muungano. Asidi amino moja moja haitoi zambarau hata ukiwa nayo kilo, lazima kuwe na angalau miungano miwili ikifuatana. Jaribu na maziwa, itatoa. Jaribu na maji ya maharagwe yaliyosagwa, itatoa pia, na ukitia iodini kwa sampuli nyingine ya hayo maharagwe utapata wanga, chakula kimoja kinaweza kujibu ndio kwa majaribio mawili au matatu, usichague moja.

Mpangilio wa hizo asidi amino si mchezo. Mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, una 146, na kwa ugonjwa wa selimundu ni moja tu imebadilika, ya sita, asidi glutamiki imekuwa valini. Moja! Valini haipendi maji, kwa hivyo himoglobini zikikosa oksijeni zinashikana na kutengeneza nyuzi ndani ya seli nyekundu, seli inapinda, inaziba mishipa midogo. Ndio ugonjwa tunaouona sana kwa familia zenye asili ya pande za Ziwa Victoria na Pwani, mahali malaria imekaa miaka mingi, kwa sababu mwenye kurithi jeni moja tu ya huo ugonjwa ana kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Umbo nalo ni muhimu kama mpangilio. Ute wa yai kwa sufuria unageuka mweupe kwa sababu joto limefungua mikunjo ya protini zikanaswa pamoja, lakini miungano ya peptaidi haijavunjika, kwa hivyo yai la kuchemsha bado litakupa zambarau ukilisaga. Maziwa ukiyakamulia limau yanaganda kwa sababu hiyo ya umbo pia, kaseini, protini ya maziwa, ikifika pH (kipimo cha uasidi) ya karibu 4.6 inakosa chaji ya kuitenganisha na wenzake.

Mafuta

Njia ya haraka: ponda njugu, sugua kwa karatasi ya kaki, ifanye pia na tone la maji pembeni, anika. La maji linakauka na kupotea, la mafuta linabaki linapitisha mwanga. Kila aliyenunua bhajia kwa karatasi ameshafanya hili jaribio.

Njia ya mtihani: njugu iliyopondwa ama ovakado kidogo kwa mililita 2 za spiriti, tikisa sana, acha itulie, alafu mimina ile spiriti ya juu tu kwa glasi ya maji. Ukiona wingu jeupe kama maziwa, kuna mafuta. Mafuta yanayeyuka kwa spiriti ila si kwa maji, kwa hivyo yakifika kwa maji yanajikusanya vijitone vidogo vinavyotawanya mwanga.

Na hapa ndio ile glasi ya maji matupu inakuokoa. Baadhi ya spiriti za kemisti zimetiwa mafuta ya mbarika na vitu vingine ili watu wasizinywe ama zisikaushe ngozi, na zenyewe zinageuka wingu zikikutana na maji. Mimina spiriti yako tupu kwa maji kabla ya yote. Ikileta wingu, badilisha spiriti. Sanitaiza ya jeli usijisumbue nayo kabisa.

Mafuta hayana mnyororo wa kurudiarudia. Ni gliseroli moja imeshika asidi za mafuta tatu, mikia mirefu ya kaboni na haidrojeni. Mikia ikiwa imenyooka inapangana vizuri na mafuta yanaganda, ndio kimbo na mafuta ya ng'ombe. Ikiwa na muungano maradufu mahali inapinda, haipangani, unapata mafuta ya maji ya kupima ya kibanda. Na kwa kuwa mikia imejaa haidrojeni, gramu moja inakupa karibu kilokalori 9, wakati wanga na protini ni 4.

Ondoa mkia mmoja weka fosfeti badala yake, unapata fosfolipidi, kichwa kinapenda maji na mikia miwili inayakimbia. Hizo zikijipanga safu mbili mikia ikiangaliana, huo ndio utando unaozunguka kila seli. Tunaenda kuubomoa sasa hivi.

DNA ya ndizi

Weka spiriti kwa friza kuanzia asubuhi, mbali na chakula, imefungwa vizuri. Chukua nusu ya ndizi iliyoiva, ponda kwa mfuko wa plastiki safi mpaka vibonge viishe. Kwa glasi changanya nusu kikombe cha maji, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chai vya sabuni ya vyombo. Tia ndizi, koroga pole pole dakika tano, povu likijaa umeharibu. Acha dakika kumi. Chuja kwa kichujio cha chai chenye kitambaa safi ndani. Hayo maji yaliyochujwa yatie kwa glasi nyembamba, inamisha glasi, alafu mimina spiriti baridi ikiteremka ukutani taratibu mpaka ikae juu kama safu yake, kiasi sawa na maji yaliyo chini. Usitikise. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zinapanda kutoka mpakani. Zizungushie kijiti cha meno uzitoe.

Sabuni imevunja tando za fosfolipidi. Chumvi imetuliza chaji hasi za fosfeti za DNA ndio nyuzi zikaweza kukaribiana. Spiriti haiyeyushi DNA kwa hivyo ikatoka. Nikuambie ukweli, hicho kibonge si DNA tupu, kuna pektini ya ndizi na protini ndani. Ukitaka kupunguza protini tia tone chache za maji ya nanasi bichi kabla ya spiriti, yana enzaimu inayozikata. Nanasi la mkebe halifai, limepikwa.

Mtu wa kwanza kuitoa, Friedrich Miescher, mwaka wa 1869 kule Tübingen, Ujerumani, alitumia usaha uliotoka kwa bandeji za hospitali, kwa hivyo wewe na ndizi shukuru. Umbo lake la nyuzi mbili zilizosokotana lilitangazwa mwaka wa 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitegemea sana picha za eksirei za maabara ya Rosalind Franklin. Kila kipande ni sukari, fosfeti na besi, na besi ziko nne zinazoitwa kwa herufi, A inashikana na T, G na C. Seli yako moja tu ina karibu mita mbili za huu uzi. Ile selimundu tuliyoongelea inaanzia hapa, herufi moja, A imekuwa T.

Maini, kama bado una nguvu

Kipande cha maini mabichi kwa glasi moja, cha kuchemshwa kwa nyingine, waru mbichi kwa ya tatu. Ondoa spiriti yote mezani kwanza. Tia haidrojeni peroksaidi kiasi cha kufunika. Maini mabichi yanatoa povu kama mtu amefungua soda iliyotikiswa, waru inatoa polepole, ya kuchemshwa kimya. Enzaimu inaitwa katalesi, inavunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Washa njiti, izime ibaki na kaa jekundu, ishushe kwa povu, inawaka tena.

Kuandika majibu na kusafisha

Kwa karatasi ya mtihani utaje ulichofanya, rangi uliyoiona, alafu hitimisho, kila kimoja kwa nafasi yake. Usiandike "hakuna kilichotokea", andika rangi iliyobaki: iodini ilibaki kahawia, Benedict ilibaki bluu. Na kwa Benedict taja rangi zilivyofuatana, si ya mwisho tu. Kwa jaribio la sukrosi lazima ionekane ulianza na Benedict ya kawaida ikabaki bluu, bila hiyo hujathibitisha kwamba ni sukrosi iliyovunjika.

Mabaki yenye kopa kusanya kwa chupa moja uipeleke maabara ya shule, usimwagie maua wala mtaro. Iodini ikikumwagikia kwa nguo ama kwa meza ya watu, saga tembe ya vitamini C, iyeyushe kwa maji kidogo, paka hapo, itaondoka, alafu suuza.